Simu Aliyorudisha Nazlin

Mount Dennis, Toronto
Novemba 2011

Mdogo wangu Cyprian,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumba yako hapo Kibosho. Goti lako limepona, au bado unalidanganya kwa mafuta ya ng'ombe? Yangu yanalia tu baridi ikiingia. Kuhusu mjukuu wetu Abigael nitakueleza taratibu, usikimbilie mwisho. Anayeniandikia ni Asumpta wa kwaya yetu. Nimemwambia aandike nisemavyo, asinipambe.

Abigael anaumwa, Cyprian. Si mwili. Huzuni ikimjia inamjia yote kwa mpigo, halafu anajidhuru. Hospitali wakampeleka kwa mshauri, dada mmoja aitwaye Nazlin, mzaliwa wa hapa hapa ila wazazi wake ni wa Tanga, na Kiswahili anakijua kiasi cha kunitania. Kazi yake ni kuzungumza na Abigael kila Jumanne, mwaka mzima. Nikamuuliza dawa iko wapi. Akacheka, akasema dawa ndiyo hiyo, na ni chungu.

Nimekuwa nikiichungulia hiyo dawa kama sufuria ya jirani. Anamwambia mtoto kwamba anakubalika alivyo, na papo hapo anamwambia hawezi kuendelea hivi. Nikasema huyu achague moja. Abigael akanieleza kwamba hachagui, yote mawili ni kweli, na ndilo somo lenyewe. Jambo hilo nimelilalia siku nyingi. Wewe nilikulea hivyo hivyo, ila mimi nilitumia fimbo.

Kingine ni simu. Abigael akizidiwa anaruhusiwa kumpigia Nazlin, lakini kabla hajajidhuru. Akishajidhuru, hapigi mpaka kesho yake. Nikaona ni ukatili. Nazlin akaniambia hataki mtoto azoee kwamba jeraha ndilo linalomletea mtu wa kumsikiliza. Hapo nilimkubalia, na unajua mimi sikubali ovyo.

Basi mwezi uliopita Abigael akagoma. Akasema Nazlin ni mwongo: Jumamosi alimpigia akiwa katika hali mbaya, akaacha ujumbe, Nazlin hakurudisha simu, naye akajidhuru. Hatakwenda tena. Niliogopa. Tangu aanze kwenda kwa yule dada alikuwa anakula, anagombana nami, anaishi. Mama yake yuko kazini saa zote, kwa hiyo kumbembeleza ni kazi yangu. Nikamwambia aende mara moja tu, akamtukane uso kwa uso. Akakubali, mradi nikae naye.

Alimtukana kweli, kwa Kiingereza cha mbio. Nazlin hakukasirika. Alisema, "Nilirudisha simu, ila nilichelewa. Nikaambiwa uko salama, nikaridhika bila kuomba kusikia sauti yako. Hapo nilikosea. Unisamehe."

Cyprian, mtaalamu kumwomba msamaha msichana wa miaka kumi na tisa, uliona wapi? Abigael akauliza ni nani aliyemwambia hivyo. Nazlin akajibu kwamba ni aliyepokea simu ya nyumbani.

Ni mimi, mdogo wangu. Mtoto alikuwa amejifungia chumbani, simu ikalia sebuleni, nikaipokea kama ninavyopokea zote. Nikasema hatujambo kabisa, anapumzika, wasalimie wazazi. Sisi ya nyumbani hatuyamwagi nje, hata kwa anayekuja kutusaidia. Sikumwambia mtoto kwamba alipigiwa. Na alipogoma nilijua sababu, nikaendelea kumbembeleza kana kwamba sijui.

Nikamgeukia Nazlin anisemee. Akakataa. "Bibi, yupo hapa," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Abigael siku zote hunijibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, polepole, "Bibi, ningekufa, na wewe ungekuwa unasema hatujambo."

Jumanne iliyofuata alikwenda, na hii iliyopita pia. Nami simu ikilia namgongea mlango, hata akiwa amenuna.

Sasa nakuomba. Jumuiya mkikutana kusali, usiwaambie tu kwamba tunawasalimu kutoka Kanada. Sema Abigael anaumwa huzuni na anatibiwa, na mtaje kwa jina. Na Nazlin naye mtaje, ingawa si wa dini yetu.

Wifi yangu mshike mkono kwa niaba yangu, na wajukuu uwaambie bibi yao bado ana nguvu za kuwagombeza. Kaeni na amani.

Dada yako anayekupenda,
Apolonia