Neno Nililomwekea Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na watoto, mmoja mmoja, asije akanuna mtu. Natumaini mgongo wako umepata nafuu, na yule mdogo ameacha kumkimbia jogoo wa jirani. Ukiniuliza mimi, mwili hauna neno, ila moyo hautulii.

Leo shemeji ana siku ya kumi hapo nyumbani. Namjua, ameshatengeneza kila kilichovunjika, sasa anavunja vizima ili apate cha kutengeneza. Uliponiandikia kwamba ameanza kunenepa na anacheka ovyo, nilikwenda kujifungia chooni hapa kazini nikalia. Sababu utaisoma humu, na nakuomba usiruke mstari.

Meza yangu, kama nilivyowahi kukueleza, imeegemea ukuta wa chumba cha boila. Ukuta ni wa moto mchana kutwa, na wiki hii glasi yangu ya maji inatetemeka yenyewe mezani. Aliyewekwa mahali pa shemeji kuendesha boila alikuwa mlinzi wa geti, na geji ya mvuke anaitazama kama picha iliyotundikwa ukutani. Naogopa, dada. Kila bomba likilia nashika mkoba.

Unalikumbuka daftari la baba, ule ukurasa wa watu wanaothubutu kupita kiasi? Alitwambia Waingereza wana ukoo mzima wa maneno ya namna hiyo, na ndugu wenyewe hawapatani. “Boldness” unaweza kumsifu mtu kwalo, au kumlaumu kidogo. “Temerity” ni la anayejitosa bila kupima kina cha maji. “Impudence” ni la mtoto anayemjibu mkubwa. La mwisho alilipigia mstari mwekundu, “effrontery”, la mtu mkavu wa macho anayewadharau wenzake mbele yao, akijua anachofanya. Alisema la kwanza humpa mtu mkono na la mwisho humtoa nje, kwa hiyo tusiyabebe kama kuni. Wewe ulisinzia. Mimi, Kasuku wake, niliyakariri yote, na ndiyo yaliyonipa kazi hii ya kugeuza karatasi za kiwanda, za Kiswahili ziwe Kiingereza kwa wenye mali, na zao ziwe Kiswahili kwetu.

Kazi niliipata kwa uongo mmoja. Fomu iliuliza kama nina jamaa kiwandani, kwa kuwa ndugu hawaruhusiwi kufanya kazi pamoja, nami nikajibu sina. Tangu hapo mimi na shemeji tunasalimiana getini kama watu waliokutana kwenye foleni.

Siku ile ya mkasa shemeji aliona mshale wa geji umevuka alama nyekundu. Alikuwa ameshamwarifu msimamizi mara mbili kwa maandishi, akaambiwa asiwatie watu hofu. Safari hii hakumwuliza mtu. Alizima boila na kuwatoa wote nje, na sabuni ya siku nzima ikagandia mapipani. Akatakiwa kuandika maelezo, akaandika kwa mkono wake kwamba alithubutu kuzima bila ruhusa kwa kuwa aliogopa watu watakufa.

Msimamizi huyo tunamwita Kikohozi, maana kikohozi chake hufika kabla yake. Kilifika mlangoni kwangu mchana huo. Akaweka kidole juu ya neno la shemeji, “nilithubutu”, akaniambia kwa upole kwamba hapo panafaa neno lenye dharau ndani yake. Akaongeza kwamba anafahamu vizuri mimi ni shemeji wa nani, na asingependa watu waseme nambeba ndugu. Kiwandani aliyefanya pupa hupewa onyo. Aliyedharau wakubwa hufukuzwa. Nilijua hivyo, dada. Nikaandika lile la mstari mwekundu, na ile sehemu ya watu kufa nikaiacha. Akaniagiza nichane maelezo ya Kiswahili.

Barua ya wenye mali ilirudi baada ya siku mbili. Shemeji akaja nayo mezani kwangu, kofia mkononi, akaniomba nimsomee. Kule koridoni kilisikika kikohozi. Nikamtazama mumeo usoni nikamwambia amepewa wiki mbili za kupumzika wakati boila inakaguliwa. Alinishukuru. Akasema siku zote alijua kusoma kwangu kutamfaa mtu.

Dada, mumeo hayuko likizo. Amefukuzwa, na barua inasema amekiri dharau kwa maneno yake mwenyewe. Maneno hayo ni yangu. Amepewa siku kumi na nne za kukata rufaa, na mwisho wake ni Ijumaa. Nimekuwa nikizihesabu kama mgonjwa, nikingoja sijui nini.

Maelezo yake sikuyachana. Nimeyaambatanisha hapa, pamoja na tafsiri ya kweli na karatasi yangu niliyotia sahihi, inayoeleza nilichofanya na aliyenituma. Rufaa nimeshamwandikia, inangoja sahihi yake tu. Nakala ya karatasi yangu nitaipeleka mwenyewe kwa wenye mali kesho asubuhi, kabla miguu haijabadili mawazo. Kazi nitaikosa. Nanyi pengine nitawakosa, na hilo ndilo linalonitetemesha kuliko boila.

Wabusu watoto, na unisalimie mama mkwe wako. Shemeji mwache kwanza amalize kula, kisha mketishe umsomee barua hii kwa sauti. Nakuomba kitu kimoja, dada, hata ukiona uso wake unabadilika: usimpunguzie neno.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku