Matope ya Siku ya Tisini

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Mama yangu mpenzi Mwanakhamis,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute huko Lamu ukiwa na afya, na magoti yamekupunguzia maumivu. Mimi mwili mzima, alhamdulillah. Khalati Mwanakuu, nduguyo uliyemtuma akae nami edani, anakusalimu sana. Kula anakula, kukoroma anakoroma, hana neno.

Leso na udi ulivyonitumia vya kutokea eda vimefika. Khalati alinipa na maneno yako pia, kwamba unawaambia wake za wanao wengine wanitazame mimi, niliyemuuguza Kamaludin miaka miwili kisha nikamkalia eda bila kuchungulia hata dirishani. Nililia, Mama. Khalati akadhani ni furaha.

Unajua nilikuwa mkimbiaji tangu shule. Kamaludin alipoanza kusafishwa damu, viatu nilivisukuma uvunguni na sikuvigusa tena. Alipotutoka nikakaa ndani hata miguu ikavimba. Ndipo Winnie, mwalimu mwenzangu, alipokuja kunipa pole, akaniambia kila asubuhi yeye hukimbia kwenye msitu wa mikoko nyuma ya Tudor, nami niandamane naye nikanyooshe miguu. Winnie ni Mkristo wa Kaloleni, mambo ya eda hayajui. Mimi nayajua, nikanyamaza.

Siku ya tisini, Khalati alipokwisha kuswali alfajiri na kurudi kulala, nilitoka. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kinjia chote kilikuwa tope na mizizi, na Winnie mbele yangu akikimbia kama bata. Mwanzo nilidhani moyo utapasuka. Kisha miguu ikakumbuka kazi yake. Nikateleza, nikaanguka kifudifudi, tope mpaka mdomoni, nikacheka. Nilicheka mpaka Winnie akaingiwa na hofu. Tangu Kamaludin augue sikuwahi kucheka vile. Nikarudi, nikaoga, na Khalati alipoamka alinikuta nimeketi na tasbihi yangu.

Nilikwenda mara sita kabla siku zangu hazijatimia. Kwa hivyo nakuomba, usiwaambie tena wake za wanao wanitazame mimi.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Kwa kuvunja eda nitatubu kwa Mola wangu, naye ni mwingi wa rehema. Linalonitesa ni jingine, na wa kuombwa radhi ni wewe uliyemzaa. Kamaludin namlilia nikipika, namlilia nikifua, mlango ukigongwa nadhani ni yeye. Ila ndani ya msitu ule, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, sikumkumbuka hata mara moja. Ndiyo maana nilirudi mara ya pili.

Nipe radhi zako, Mama, hata zikichelewa. Nisalimie wote nyumbani, na watoto unibusie mmoja mmoja.

Mkaza mwanao,
Zakiya