Baba, Ukurasa wa Tatu Haukusomwa

Baba,

Ni Jumapili mchana hapa Kitale, stima imepotea tena, na simu yangu iko mezani imenyamaza. Saa hii ndiyo ulikuwa ukinipigia, ukishatoka kanisani Kamukuywa na kulimaliza gazeti la jana. Hukuwa na habari ya salamu. Ulianza moja kwa moja na ugomvi: "Nafula, umesikia huyu waziri wako?" Waziri wangu, kana kwamba mimi ndiye nilimwapisha. Ni miezi saba sasa hakuna anayenipigia kugombana nami. Sikujua kwamba mtu anaweza kuukosa ugomvi mpaka akalia.

Wacha nikupe habari kwanza, halafu nikwambie kilichonikalisha chini kuandika. Angalau mara hii hutanikatiza.

Wale watoto wa gredi ya tisa uliokuwa ukiwahurumia, waliosomea sayansi kwenye darasa la chekechea magoti yakigonga meza, walipelekwa sekondari wiki ileile tuliyokuzika. Msichana wangu mmoja kutoka Kipsongo, mkali wa hesabu, alipangiwa shule ya mbali sana hata mama yake akaniuliza kama huko bado ni Kenya. Hakuenda. Sasa anafulia watu nguo, na nikipita anajificha nyuma ya kamba ya kuanikia. Ulisema mtaala huu mpya utawafaa sana wazazi wenye printa ya kuchapishia kazi za watoto. Nilikubishia wiki tatu nzima. Leo nakubaliana nawe nusu, na nusu nyingine naizuia kwa sababu sitaki ushinde ukiwa hupo.

Ni mwezi wa nane wa mwaka wa kutahiri, kwa hivyo kijiji kizima kinalia njuga. Mtoto wa kaka yangu Simiyu ni mmoja wa wanaotahiriwa. Simiyu amekodisha spika kubwa kama kabati na kijana wa kupiga muziki kutoka Bungoma mjini. Ungezichukia spika, halafu zikizimwa wazee waanze zile nyimbo zenyewe, ungesimama na mkongojo wako uimbe kuliko wote. Mama anaendelea. Anakula kidogo. Bado anaweka vikombe viwili asubuhi, na anapokumbuka anakirudisha kimoja. Na mwaka ujao ni wa kura, basi barabara ya kwetu imeanza kukwanguliwa tena.

Sasa nikwambie.

Baba, ukurasa wa tatu haukusomwa.

Nimelizunguka neno hili miezi saba. Nimekuja kaburini mara nne, nikang'oa magugu, nikarudi Kitale bila kulisema. Nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba labda ulisikia mwenyewe siku ya mazishi.

Unakumbuka tulivyouandika. Ulikuwa umekuja kwangu kwa ajili ya kliniki ya sukari, mguu umevimba, na ukakataa kubaki nyumbani peke yako. Nikakupeleka shuleni, ukakaa kwenye kiti cha ofisi ya walimu ukikagua ratiba yetu kama ungali mwalimu mkuu. Wakati wa mapumziko ukamwona msichana wa gredi ya nane akikimbia langoni, nyanya yake akamkabidhi mtoto mchanga, naye akaketi kwenye ngazi akanyonyesha, kisha akarudi darasani kengele ilipolia. Wewe uliyekuwa na la kusema hata juu ya kura za nchi usizoweza kuzionyesha kwenye ramani, hukusema kitu mpaka tukafika nyumbani.

Halafu ukaniambia, "Leta karatasi." Ukanisomea imla kama mtoto wa darasa la nne, na nukta na koma zake. Kurasa mbili za kwanza za wasifu wako ulizimaliza haraka, kuzaliwa, shule ulizofundisha, sisi watoto. Ukurasa wa tatu ulituchukua mchana wote. Ulisimama kila sentensi. Ninao hapa:

"Nikiwa mwalimu mkuu, nilimwita Nanjala wa darasa la nane mbele ya paredi ya shule nzima. Nikamwambia achukue begi lake aende nyumbani kwa sababu ya tumbo lake. Aliyempa tumbo hilo nilimjua. Alikuwa mwalimu wangu. Yeye nilimwombea uhamisho kimyakimya, nikamwandikia barua nzuri. Nanjala, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu naomba unisamehe."

Ukanipa masharti mawili. La kwanza, usomwe siku ya mazishi, wote, bila kupambwa. La pili, mwanasiasa asiguse kipaza sauti. Ulisema, "Hao hawaji kuzika. Wanakuja kupanda." Nilikuahidi. Uliniuliza mara ya pili nikakuahidi tena, nikaudhika kidogo, nikakwambia mimi si mtoto.

Siku yenyewe ratiba nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nimesoma kurasa mbili, watu wakicheka mahali pa kucheka. Nilipokuwa nafunua wa tatu, honi zikasikika barabarani. Magari sita, vumbi mpaka ndani ya hema. Vijana wakaacha viti wakakimbia kuyapokea. Pasta akasimama. Na Simiyu akaja nyuma yangu akaninong'oneza, "Nafula, si umpe tu mheshimiwa dakika mbili, bana. Ati ako na matanga ingine Chwele."

Nikampa, Baba.

Ningependa kukwambia nilinyang'anywa. Nimewaambia wenzangu shuleni kwamba nilinyang'anywa. Hakuna aliyeninyang'anya. Mtu mwenye suti alinyoosha mkono na mimi nikaweka kile kipaza sauti ndani yake, nikasema na "karibu mheshimiwa" juu yake. Mimi ninayewafundisha watoto uraia.

Aliongea muda mrefu kuliko uliokuwa umebaki. Jina lako alilikosea, akakuita Mwalimu Barasa mpaka mtu akamrekebisha. Akawatukana wapinzani wake, wengine wakashangilia, wengine wakapiga mbinja, na jeneza lako liko hapo katikati kwenye jua. Alipoondoka, nusu ya watu waliondoka naye wakifuata magari. Pasta akatazama saa, akasema tufupishe, mwili usikae juani. Ukurasa wa tatu ukabaki umekunjwa kwenye kiganja changu, umelowa jasho. Tukakuzika.

Nanjala alikuwepo. Hukuwa na hakika kama angekuja. Alikuja. Niliona kitambaa chake cha kijani nyuma kabisa, karibu na tangi la maji. Mimi ndiye nilimtumia ujumbe kwamba kuna jambo lake litakalosomwa. Alifunga kibanda chake cha viatu vya mitumba siku ya soko akaja kukaa nyuma juani, akasikiliza hotuba ya kura, kisha akasimama akajipangusa vumbi akaenda. Hilo ndilo linaloniamsha.

Nilipata nafasi nyingine nikaipoteza pia. Siku ya tatu baada ya mazishi wazee wa ukoo walileta mzee wa kumuse. Ulikuwa mzee wa kanisa, lakini ulisema kumuse ndilo bunge pekee unaloliheshimu, mtu mmoja anatembea mbele ya waliofiwa akisema ukweli wa ukoo na wa nchi, na hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Asubuhi hiyo nilimfuata nikiwa na ukurasa wako mfukoni, nimpe aseme kwa niaba yako. Akanitazama, akaniuliza, "Mama, uko na neno?" Nikasema hapana, nilikuja kukusalimia. Simiyu alikuwa amesimama pale. Usiku uliotangulia alikuwa ameniambia kwamba nikisoma hiyo karatasi nitakuwa nimekuzika mara ya pili, na safari hii bila jina.

Simiyu si mtu mbaya. Anakupenda kwa namna yake, anataka ubaki kama picha ile ya ukutani, tai imenyooka. Tulikuwa tunabishana kuhusu serikali na mitaala, Baba, mimi na wewe, na kila Jumapili nilijiona jasiri kweli. Maoni ni rahisi kwenye simu.

Majuzi, shule zilipofungwa, nilienda Kamukuywa sokoni. Nilimkuta Nanjala akipiga rangi viatu vya shule, vyeusi, amevipanga kwa saizi. Ana wajukuu wawili. Yule mtoto wa wakati ule sasa ni mwanamke, yuko Kibabii chuo kikuu, anasomea ualimu, alianza akiwa amechelewa. Nilimwambia nimeleta maneno yako. Nikatoa karatasi nianze kusoma hapohapo, kati ya viatu, kwa sauti ya chini ili jirani zake wasisikie.

Akaweka brashi chini. Akasema, "Kunja hiyo kitu, mwalimu. Mimi sikufukuzwa kwa kibanda. Nilifukuzwa paredi. Ya paredi inasomwa paredi."

Nikamwambia naelewa. Nikasema nilikuwa mdogo wakati huo. Nilisema hivyo, sijui kwa nini, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

Akasema, "Ulikuwa laini ya darasa la sita. Nilikuona."

Akachukua kiatu kingine.

Wewe hukuona, Baba, ulikuwa umetupa mgongo. Alipoinama kuchukua begi lake, kamba ikakatika, vitabu vikamwagika na bakuli la githeri likaviringika mpaka kwenye nguzo ya bendera. Nilicheka. Si mimi peke yangu, lakini mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu mkuu, na nilipocheka mimi wengine wakajua wameruhusiwa. Paredi nzima ikacheka. Aliokota vitabu kimoja kimoja katikati ya kicheko hicho. Sijawahi kukwambia. Ulipokuwa unanisomea imla nilikuwa naandika dhambi yako kwa mwandiko mzuri, na yangu nikaiacha nje ya ukurasa.

Nimelia sana tangu siku hiyo. Nalia kwa ajili yake, na kwa ajili yako uliyekufa ukidhani umeshaomba msamaha. Nalia kwa sababu wewe ndiye ningekupigia kukueleza jambo kama hili, na ungenikemea, halafu ungeniambia la kufanya.

Kwa hivyo nimefanya peke yangu. Mwezi wa kumi na mbili watu watakuwa nyumbani, ndipo tutakapojenga kaburi lako na kuweka msalaba. Simiyu ameshamwalika mheshimiwa. Sikugombana naye. Nimemwambia tu kwamba ratiba ni yangu, na kwamba jambo la kwanza, kabla ya chakula na kabla ya mgeni yeyote, ni mimi. Amekasirika, hatujaongea wiki nzima. Mama nilimsomea ukurasa wote jikoni. Alisikiliza akichambua mboga, na nilipomaliza akasema, "Alikuwa analia usingizini akitaja jina la huyo mtoto. Soma." Basi.

Nakuahidi, na safari hii niulize mara ngapi upendavyo, sitaudhika. Nitasimama pale uwanjani petu. Nimewatafuta waliosoma kwako miaka ile, wale wa paredi, na wengi wamesema watakuja. Nitausoma ukurasa wako mpaka nukta ya mwisho. Chini ya jina lako nitasoma sentensi yangu mwenyewe, kwamba mimi Nafula nilicheka. Mtu akininyooshea mkono, mkono wake utachoka.

Kwaheri, mwalimu wangu. Pumzika kwa kadiri utakavyoweza mpaka siku hiyo, nami nitakuja kaburini kabla ya watu kufika.

Nimemtumia Nanjala ujumbe kwamba kiti chake kiko mstari wa mbele, pale tunapowawekaga waheshimiwa. Ameusoma. Bado hajajibu.

Mwanao,
Nafula