Ndoo ya Misumari

Jumamosi, Endasak. Baridi ya mwezi wa saba, ile inayoingia mpaka kwenye meno. Ukungu umeukalia mlima Hanang tangu asubuhi na hauonyeshi nia ya kuondoka. Nimenawa mikono kwa sabuni ya mche, nikaisugua kwa majivu, nikanawa tena, na bado inanuka usaha wa ng'ombe.

Nimechefukwa. Naliandika neno hilo mapema kabla sijaanza kulipamba.

Madoa amekufa. Kwa anayefika kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: Madoa alikuwa ng'ombe wa jirani yangu, Mama Akonaay, mjane ambaye shamba lake la mahindi na maharage linapakana na langu. Alikuwa ndiye ng'ombe wake pekee wa maziwa. Maziwa ya asubuhi yalikwenda kwenye kibanda cha chai pale njia panda, ya jioni yalinywewa nyumbani. Amebaki ndama jike ambaye hajaacha kunyonya, na tangu asubuhi analia.

Waliomuua ni watu wenye makoleo, na mashine iliyowaongoza ni yangu.

Nieleze. Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu, lakini ugonjwa wangu ni mashine ya kutafutia vitu vya chuma na madini ardhini. Niliinunua ikiwa imetumika, kwa rafiki aliyechoshwa na machimbo ya dhahabu. Siku za mapumziko nazunguka kwenye mahame na kambi za zamani, naokota vifungo vya makoti, vijiko, senti zenye tundu katikati. Sijawahi kutajirika. Nafurahi tu kushika kitu ambacho mtu alikiangusha kabla babu yangu hajazaliwa.

Juu ya shamba la Mama Akonaay kuna gofu. Umebaki msingi wa mawe, kipande cha ukuta, na mabaki ya uzio wa seng'enge uliooza. Wengine wanasema aliishi Mjerumani, wengine Mgiriki. Wanachokubaliana wote ni kwamba aliondoka kwa haraka na kuacha sanduku la rupia chini ya ardhi. Nchi hii kila gofu lina sanduku.

Gofu lile ni jehanamu ya misumari. Wenzangu wenye mashine wataelewa. Paa liliungua au lilianguka zamani, na kila msumari ulibaki pale pale. Halafu udongo wenyewe umetoka tumboni mwa mlima, una chuma ndani yake, kwa hiyo mashine inalia hata pasipo na kitu. Inabidi kwanza uipandishe na kuishusha sahani yake, lile duara la chini linalonusa ardhi, juu ya udongo mpaka izoee udongo na kunyamaza. Mwenye pupa anapandisha usikivu mpaka mwisho, na anachopata ni kelele kama za watoto wa chekechea wanaogombea uji. Ushushe. Tumia sahani ndogo, tembea polepole.

Kosa kubwa kuliko yote ni kichujio. Hicho ndicho kinachoiambia mashine: chuma sitaki kukisikia. Ukikipandisha, msumari unanyamaza kweli, lakini na sarafu iliyolala kando ya msumari inanyamaza pia, kwa sababu chuma kinaifunika. Mahali pa namna ile unafanya kinyume. Unafungua kichujio, unavumilia kelele, unasikiliza. Msumari unaguna. Fedha inaimba. Fedha iliyo kando ya msumari inakuwa na kigugumizi: inaguna, inaimba kidogo, inakatika. Kigugumizi hicho ndicho cha kuchimba, na kila chuma unachokitoa unakitia kwenye ndoo ili kisikusumbue tena.

Ndivyo ninavyofanya nikiwa peke yangu.

Mwezi uliopita akaja mtu kutoka mjini na gari la kukodi na wanaume wanne. Simtaji jina. Tulimwita Bosi, naye alipenda. Aliniita mtaalamu, nami nikapenda. Tukapanda gofuni.

Hazikupita dakika nyingi akashika masikio. "Zima hizo kelele, mtaalamu. Tumekuja kutafuta rupia, hatuuzi misumari."

Nikapandisha kichujio. Mashine ikatulia kama mtu aliyezibwa mdomo.

Basi wakawa wanachimba kwa ndoto za Bosi. Mashimo ya kuzikia mtu, hapa na pale, udongo unarushwa nyuma ya bega, na ndani ya udongo huo misumari, vipande vya seng'enge, vifuniko vya makopo. Ndoo yangu mmoja wao aliifudikiza akaikalia kula ugali. Nikamwambia Bosi kwamba ng'ombe wa watu wanalishwa pale baada ya mavuno. Akanitazama kama niliyemwambia jambo la kuchekesha.

"Ng'ombe ana macho," akasema.

Posho ya siku nikapokea, na ya siku iliyofuata pia. Naliandika hili kwa sababu leo nina kinyaa cha kutosha watu wote, na mimi nisijitoe kwenye hesabu.

Kuna kona moja ya msingi ambako nilikishusha kichujio kwa siri kidogo, mikono ikiniwasha. Sahani ilipopita juu ya lundo la udongo waliokwisha kuutoa, nikasikia kigugumizi. Nikapiga magoti. Bosi akapaza sauti kutoka shimo la pili: "Hicho ni chuma, twende huku!" Nikakipandisha tena kichujio, nikaenda huku.

Waliondoka bila kufukia hata shimo moja. Hawakuaga.

Sasa, anayefuga huku anajua kitu ambacho Bosi hakukijua wala hakujali kukijua. Ng'ombe wetu wana njaa ya chumvi. Watu huwashusha mpaka kule bondeni kwenye magadi ili walambe. Wakikuta udongo mpya uliotoka chini, wanaulamba kwa furaha. Na ng'ombe hachagui kwa macho anapolamba. Ulimi unazoa kila kitu, na kinashuka.

Mahindi yalipovunwa, mifugo ikaachiwa mashambani, na Madoa akapanda moja kwa moja kwenye yale malundo ya udongo.

Wiki iliyopita maziwa yalikatika ghafla. Akawa anasimama mgongo ameupinda, viwiko ameviweka nje, hataki kushuka mteremko. Akishuka anaguna. Mama Akonaay alidhani ni homa. Jumatano akaja dada Ester, afisa mifugo, kwa pikipiki. Akamminya Madoa mgongoni, akasikiliza kifua, halafu akaniuliza kama ile mashine yangu inaweza kusikia kitu ndani ya mwili.

Nikaileta. Nikaipitisha sahani ubavu wa kushoto, chini, nyuma ya kiwiko, kama alivyonielekeza. Kimya. Nikarudia. Kimya kabisa.

Ester akauliza, "Yuko safi?"

Nilishafungua mdomo kusema ndiyo. Ndipo nilipotupa jicho kwenye kioo cha mashine na kuona kichujio bado kiko juu, vile vile alivyotaka Bosi. Sikuwa nimeigusa tangu waondoke.

Nikakishusha mpaka sifuri. Nikapitisha sahani.

Ikaguna. Ikaguna hivyo mbele, nyuma, kila nilipoisogeza, mfululizo, kama nilivyozoea kuisikia kule gofuni tu.

Mama Akonaay alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe wake. "Inasema nini, mwanangu?"

"Inasema chuma, mama."

Hakuuliza kimetoka wapi. Aliinua uso akatazama juu, kwenye gofu, kisha akarudi kumkuna Madoa chini ya shingo. Afadhali angenitukana.

Ester alifanya aliloweza. Alimmezesha sumaku, kipande laini cha urefu wa kidole, ili ikae tumboni na kuvuta vyuma visitembee. Akamchoma sindano. Tukampangia udongo na mawe asimame miguu ya mbele ikiwa juu, ili vyuma virudi nyuma, mbali na moyo. Alhamisi alikula majani kidogo, tukafurahi kama wajinga. Jana shingo ikavimba maji. Leo alfajiri nilipopita na kusema, "Shikamoo mama," marahaba ilichelewa sana kuja, nikajua.

Kwa sababu ya sindano, Ester alisema nyama isiliwe, azikwe mzima. Lakini Mama Akonaay alitaka kuona. "Nifungulieni. Nataka nijue nimelishwa nini," alisema. Alisema nimelishwa, siyo amelishwa.

Tukafungua. Sitaeleza yote. Moyo ulikuwa ndani ya mfuko wa usaha, na harufu iliyotoka pale ilimfanya mwanaume mzima aliyekuja kusaidia kuchimba shimo akimbilie kwenye migomba. Kipande cha seng'enge kilikuwa kimetoboa kutoka tumbo la pili, lile lenye vitundu kama masega ya nyuki, kikaenda mbele. Ndani ya tumbo hilo tukaikuta sumaku imevaa misumari pande zote kama nungunungu. Nilikuwa nikiibandua misumari mmoja mmoja na kuitia kwenye ndoo yangu, ile ile iliyokaliwa na mla ugali, nikaitambua. Ilikuwa ya gofu. Kichwa cha mraba, ya kufuliwa kwa nyundo.

Ester alikuwa anasuuza tumbo kwenye beseni. Kitu kikalia chini ya maji. Akaingiza mkono.

Kilikuwa cheusi, kimepakwa uchafu wa tumbo. Nikakisugua kwa kidole gumba. Uso wa mzungu mwenye masharubu, na juu ya kofia yake kuna ndege ametandaza mabawa. Rupia. Rupia ya Mjerumani, ya fedha, nzima.

Miaka yote ninazunguka na mashine nikiiota sarafu hii. Nilidhani siku nitakayoishika nitaruka juu. Nilisogea pembeni nikatapika.

Kile kigugumizi kwenye lundo la udongo. Siwezi kuapa, lakini masikio yangu yanaapa. Ilikuwa imelala kando ya msumari, mashine ikajaribu kusema, tukaambiwa hicho ni chuma. Madoa peke yake ndiye aliyeichukua. Methali inasema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini haikusema mauti ya nani.

Mtu alipiga picha. Huku habari haina miguu, ina vocha. Tulikuwa bado hatujamaliza kufukia shimo la Madoa, simu yangu ikaita, na jina kwenye kioo lilikuwa la Bosi.

Hakusalimu. "Iko wapi?"

Nikamwambia ng'ombe wa watu amekufa.

"Nimesikia. Iko wapi? Hiyo imetoka kwenye mashimo yetu, mtaalamu, ni mali yetu. Na kama iko moja, sanduku liko. Jumatatu tunapanda, watu kumi. Halafu uniambie, uliiweka setingi gani?"

Setingi gani! Pole hakuna, jina la mwenye ng'ombe hakuuliza, hata kwa unafiki wa kawaida ambao sote tunaujua na tunausamehe. Nimewahi kuona fisi akila mzoga, na fisi angalau hupiga simu kwa wenzake tu. Nilikata. Akapiga tena. Nikazima simu nikaitumbukiza mfukoni kwa mikono ile ile yenye usaha.

Baadaye nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamweleza mbele ya mashahidi, na nimemwambia kwamba Jumatatu sitapanda na mtu yeyote na mashine yangu haitapanda. Amesema atawasubiri yeye mwenyewe barabarani pamoja na wenye mifugo. Nitasimama nao. Naogopa kidogo, kwa sababu posho yao niliila na watalisema hilo hadharani. Waliseme.

Lakini lililonileta kuandika ni la kabla ya hapo.

Shimo lilipokwisha kufukiwa, watu wakatawanyika. Mama Akonaay alikuwa amekaa kwenye kigogo, ndama amemfunga kwa kamba fupi asiende juu, akimnywesha maziwa ya kuomba kwa jirani, akimtia vidole mdomoni ili ajifunze. Nikamfuata na rupia kwenye kiganja. Nilikuwa nimeiosha. Ilikuwa inang'aa, na naona aibu kusema kwamba ilikuwa nzuri. Nikamwambia ni ya kwake, imetoka kwa ng'ombe wake, wako watu watakaoitaka, na nitamsaidia apate mnunuzi mwaminifu.

Hakuinua kichwa. Aliitazama kwa pembeni, kama mtu anavyotazama kupe aliyebanduliwa.

"Itie kwenye ndoo," akasema. "Na misumari mingine."

Akaendelea kumnywesha ndama.

Nikainama nikaiachia. Masikio haya nimeyafundisha kwa miaka kutenganisha fedha na chuma, hata gizani, hata kwenye udongo wa Hanang. Nilisikiliza kwa makini ilivyoangukia pale chini. Sikusikia tofauti.

Kesho nikitoka kanisani nitapanda gofuni. Sahani ndogo, usikivu chini, kichujio sifuri, na kila kinachoguna nakichimba, kwa sababu ndama ataanza kula majani si muda mrefu na kamba haitamshikilia milele. Nitaanzia kona ile ya msingi.

Ndoo bado ina nafasi.