Mahindi Yaliyooshwa

Tunduma,
Jumamosi, 22 Februari 2025

Kwako kaka yangu Ambilikile,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mpakani, wewe pamoja na wifi Roda na watoto wote. Mgongo wako unaendeleaje? Na yule ng'ombe mliyesema amekataa majani, ameanza kula? Mimi afya ninayo, ila nimechoka. Si uchovu wa mtu aliyelima kutwa, maana huyo akilala anaamka mzima. Mimi naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Kwenye simu nimejaribu mara nne. Kila nikianza, unaniuliza kama nimekula, nami najibu nimekula, kisha tunaongea habari za mvua mpaka salio linakwisha. Kwa hiyo nimeamua kuandika, na nakuomba uisome yote kabla hujasema lolote.

Tunduma ni ile ile, malori na matope. Chumba changu kiko karibu sana na mpaka, hata simu inashika mtandao wa Zambia kuliko wa kwetu, na huo ndio ninaoutumia kupeleka hesabu zangu kwenye ile kompyuta kubwa ya chuoni. Nikishazipeleka nakaa tu nasubiri, siku mbili, siku tano, kama mtu aliyepeleka mahindi mashineni akakuta foleni.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu, na kosa ni langu. Uliponiuliza nilikujibu kwa maneno makubwa, nawe kwa heshima hukuuliza tena. Ni hivi. Rangi ya jani, sumu ya ukungu, vitu kama hivyo vimejengwa na chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Baadhi yake zikipigwa na mwanga, hula sehemu ya mwanga huo. Zikishakula hujipinda umbo kidogo, hutulia, halafu huutoa tena kwa rangi nyingine yenye nguvu pungufu. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, iko hivyo. Ukiimulika kwa taa ya ule mwanga usioonekana kwa macho, inang'aa bluu. Kazi yangu ni kukokotoa kwa kompyuta, kabla mtu hajashika taa wala chupa, kwamba molekuli fulani itakula mwanga gani na kutoa mwanga gani.

Shida ni kwamba sumukuvu haing'ai peke yake. Kwenye ganda la punje ya hindi kuna kitu kingine, kisicho na madhara kabisa, nacho hung'aa. Nikakokotoa vyote viwili. Namba zangu zikasema rangi zao zimeachana vya kutosha, kwamba kioo kimoja cha kuchuja kingezuia mwanga wa ganda na kuuacha wa sumu upite. Wenzangu wa chuoni wakatengeneza taa kwa kufuata namba hizo. Ndiyo ile niliyokuja nayo nyumbani Julai, nimeifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga.

Siku ya Sikukuu ya Mavuno unaijua kuliko mimi, lakini acha niiseme kwa upande wangu. Mwinjilisti Yesaya ndiye aliyeniomba nimulike mahindi ya sadaka, kwa kuwa watu walikuwa na hofu ya sumukuvu tangu mwaka wa nyuma. Tukafunga mapazia ya ofisi yake, watu wakawa wanapita na bakuli zao mmoja mmoja. Bakuli zote zilikuwa kimya. Ikaja ya kwenu, ikawaka yote. Ninyi peke yenu kanisa zima ndio mnaoosha mahindi ya sadaka, kama baba alivyotulea, kwamba cha Mungu hakipelekwi na vumbi. Roda alikuwa ameyaosha Ijumaa, akayaanika Jumamosi, Jumapili mkayaleta. Nilijua hayo yote, na sikuyafikiria hata kidogo.

Watu walirudi nyuma hatua moja, nakumbuka sauti ya viatu vyao. Wewe hukubisha. Ulisema tu kwamba kama taa ya Tumpe imeona, basi imeona. Jumatatu ukachimba shimo nyuma ya zizi ukazika magunia yote kumi na moja. Roda alilia akiomba yabaki mawili ya mbegu, ukamkatalia, ukasema huwezi kupanda sumu. Nilipaswa kukwambia subiri, nimulike kwanza na yale makavu ya ghalani. Sikusema, kwa sababu sikuwa na shaka. Nikachota kopo moja la yale ya sadaka nikaondoka nalo, nikawaonyeshe chuoni kuwa taa yetu inafanya kazi. Nilifurahi, kaka. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nilipanda gari nikiwa na furaha.

Agosti akafa Bibi Anna. Watu wote wa hapo wanajua kwamba Roda alimpelekea unga kila Jumamosi tangu alipofiwa na mumewe, na wote walimwona alivyovimba tumbo mwishoni. Hakuna aliyehitaji kusema kwa sauti. Uliacha uzee wa kanisa bila kuombwa. Roda ameniambia kwamba kaburini ulimwomba marehemu msamaha, watu wakisikia, na kwamba tangu siku hiyo hulali, unakaa kitandani umeshika magoti. Ameniambia pia kwamba shuleni hakuna anayekubali kula sahani moja na watoto wenu, na kwamba tangu Julai mmeishi kwa viazi na ndizi kama watu waliopigwa na ukame, wakati mvua ilinyesha vizuri tu.

Sasa niseme ya Novemba. Hapa sokoni kuna mama mmoja, Mama Faith, anayewauzia mahindi Wazambia wa ng'ambo. Nilimwachia taa moja aijaribu. Mvua ya kwanza ilikuta magunia yake nje, na kesho yake akaja kunitania kwamba taa yangu inaogopa maji. Mahindi yale yale yaliyokuwa kimya juzi, alisema, leo yanawaka kama mji wa Nakonde kule ng'ambo. Akanishauri niipeleke ikabatizwe, labda itazoea. Nilicheka naye. Nilipofika chumbani sikucheka tena, kwa sababu nilikumbuka mikono ya Roda ndani ya beseni.

Kaka, hesabu za kile kitu cha kwenye ganda nilizifanya molekuli ikiwa peke yake katika utupu, bila maji, bila jirani. Wengi huanzia hapo, maana ni rahisi na kompyuta haichukui muda. Lakini hakuna kitu duniani kinachoishi hivyo, na ningekuuliza wewe usiyejua hesabu hizi ungeniambia. Nikarudia, safari hii nikaizungushia maji. Kompyuta ilikokotoa siku kumi na moja. Namba ikasogea taratibu mpaka ikaenda kukaa juu ya namba ya sumukuvu. Maana yake ni kwamba punje yoyote yenye unyevu ingewaka mbele ya taa yetu, iwe safi au mbovu. Waliokuja na mahindi yenye vumbi walipita. Ninyi mlioosha, punje zikiwa bado hazijakauka ndani, mkahukumiwa.

Mpaka hapo ungenisamehe, nakujua, ungesema kila mtu hukosea. Bado sijafika.

Hesabu hizi zina kanuni nyingi, na kila kanuni hutoa jibu lake, tofauti kidogo na mwenzake. Mtu mwaminifu huchagua kanuni kwanza kwa sababu zinazoeleweka, kisha anakubali jibu litakalokuja. Mimi nilijaribu saba. Sita zilinipa rangi zinazokaribiana mno, taa isingewezekana. Ya saba ikazitenganisha. Nikaichukua ya saba, nikawaambia wasimamizi wangu kuwa ndiyo bora, na sababu nikazitafuta baadaye. Zile sita sikuziandika popote. Kwa hiyo hata kabla ya maji nilikuwa nimeonywa mara sita.

Na liko zito kuliko hilo. Lile kopo la mahindi yenu nililipeleka maabara, wakapima kwa dawa, si kwa taa. Majibu yalitoka tarehe 27 Novemba. Hakuna sumukuvu hata kidogo. Karatasi yenyewe nimeiambatanisha hapa, ina muhuri, na mstari wa chini kabisa umeandikwa kwa Kiswahili kwamba mahindi haya yanafaa kwa chakula cha binadamu. Nimekaa nayo karibu miezi mitatu chini ya godoro. Januari nimetetea tasnifu yangu nikiwa najua, watu wakapiga makofi, nawe jioni ile ukanipigia simu, sauti imekauka kwa kukosa usingizi, ukasema baba angefurahi. Nilikujibu asante.

Nilinyamaza kwa sababu moja, niliogopa kunyang'anywa shahada. Nimetafuta sababu nyingine nzuri zaidi ya kukupa na sikuipata. Umejinyima usingizi kwa ajili ya kosa langu, na mimi nilikuwa nalala juu ya karatasi ambayo ingekulaza.

Jumatatu iliyopita nimewaandikia chuo na kuwaeleza yote, zile kanuni sita, maji, kopo na tarehe. Wamesema watakaa kikao. Shahada huenda ikaondoka, na sijui nitafanya kazi gani. Taa zote tumezirudisha. Mama Faith amenikasirikia, anasema alikwisha kuizoea na ubovu wake.

Sasa nisikilize vizuri, kaka. Mahindi yako yalikuwa safi. Ulizika chakula. Bibi Anna alikuwa na uvimbe ule tangu kabla ya Pasaka, kabla hujavuna hata hindi moja, mwenyewe alinionyesha nilipokwenda kumsalimia na akaniomba nisiseme kwa watu. Alikufa kwa ugonjwa wake. Unga wenu aliokula mpaka ile Jumamosi ya mwisho kabla ya shimo ulikuwa unga mzuri, na ninyi ndio mliomlisha. Hukumuua. Ningekuwa na ujasiri ungelijua hili tangu Novemba.

Sitakuomba msamaha kwa karatasi. Nitakuja Jumamosi ijayo, niombe uso kwa uso, kwako na kwa Roda, halafu niende kaburini nikarudishe maneno uliyoyasema pale, kwa sababu hayakuwa yako. Mwambie wifi kwamba akitaka kunifungia mlango nitakaa nje, sitalalamika. Wasalimie watoto, mmoja mmoja kwa jina. Msalimie pia yule ng'ombe mkaidi.

Jambo la mwisho. Nakujua, Ambilikile. Ukimaliza kusoma utaikunja barua hii, utaiweka ndani ya Biblia ya baba, na hutamwambia mtu, uendelee kubeba lawama ili mdogo wako asiaibike. Ndiyo maana nimeandika mbili. Moja nimempa Andongwisye, dereva wa gari la Itumba, akukabidhi wewe mkononi leo, ili usisikie mbele ya watu kitu ambacho hukukisikia kwangu kwanza. Ya pili ilitangulia juzi kwa Mwinjilisti Yesaya. Ameshanipigia simu kwamba ameipata, na kesho ataisoma ibadani, yote, na jina langu.

Ubaki na amani, wewe na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako,
Tumpe