Baraka ya Mate

Kiranyi, Arusha
21 Januari 2024

Lesian,

Wewe mtoto, huna haya? Miaka sita Ulaya, na mimi nakungoja kama mbuzi anayengoja chumvi. Hujambo? Unakula? Mimi goti linanisumbua, ng'ombe mmoja kazaa, namshukuru Mungu. Anayeandika ni Twahira, yule fundi cherehani wa soko la Kilombero. Mimi kalamu siijui, na wanaojua kuandika kwenye jumuiya yetu ya kanisa wanajua zaidi kusimulia.

Sikiliza. Leo kanisani wamesoma maneno ya maaskofu. Eti Roma wamesema padri anaweza kuwaombea baraka wanaume wawili wanaoishi pamoja, ila maaskofu wetu wa Afrika wamekataa. Watu wakapiga makofi. Tulipotoka, Ephraimu mwenyekiti wa jumuiya akaniambia, "Mama Saruni, pole." Pole ya nini, sijafiwa! Ndipo binamu yako Jackline akanionyesha picha kwenye simu: wewe na mzungu, maua kifuani, mnacheka kama mmeuza ng'ombe.

Nilijua mambo yatakwenda kombo tangu siku uliyoondoka. Nilijaza maziwa mdomoni nikutemee baraka kichwani, kama tunavyowatemea watoto wote wa boma hili wakisafiri, na wewe hukuvua kofia. Mate yangu yakaishia kwenye kitambaa cha kofia.

Niambie wewe mwenyewe. Nimechoka kuambiwa na watu habari za mjukuu wangu.

Koko yako


Ghent, Ubelgiji
10 Machi 2024

Koko, shikamoo.

Salamu kwa Twahira na kwa huyo ndama. Mimi sijambo, baridi tu.

Ni kweli. Anaitwa Pieter, ni muuguzi. Tuliandikisha ndoa manispaa. Usidhani Kanisa la huku linafungisha ndoa ya namna hii, hapana. Padri wa parokia yangu alituombea kwenye sakristia, tukiwa tumesimama, bila joho wala mshumaa. Alisema wazi: "Hii si ndoa, ni sala." Nilitoka nimeshukuru, na bado nina njaa.

Kofia sikuivua makusudi. Nilikuwa najijua tayari, Koko, na nyinyi hamnijui. Niliona nitakuwa naiba baraka ya mjukuu mwingine.

Nataka kuja Desemba, peke yangu. Utanitemea? Au nisije?

Mjukuu wako,
Lesian


Kiranyi
18 Agosti 2024

Lesian mwanangu,

Hujambo? Baridi imepungua? Nimechelewa kujibu, si kwa ugonjwa. Nilisomewa barua yako nikaikunja. Twahira akauliza, "Bibi, nijibu nini?" Nikamwambia shona nguo zako.

Sikubaliani na wewe. Nilibatizwa mtu mzima, katekista akanifundisha kwa mdomo, nikashika kwa kichwa: ndoa ni mume na mke. Sitaligeuza neno hilo kwa sababu linamuuma mtu wa kwangu. Ungekuwa mtoto wa Ephraimu ningesema hivyohivyo. Basi, hilo nimelimaliza.

Sasa Ephraimu anataka nisimame mbele ya jumuiya niseme wewe si wa nyumba yangu. La sivyo, zamu ya kusali nyumbani kwangu ikifika hawaji. Nikaenda kwa padri. Kijana wa watu, amechoka kuliko mimi. Akasema, "Mama, Kanisa haliwezi kuibariki ndoa hiyo. Lakini halijamtuma bibi yeyote amkane mjukuu wake." Nikamwambia, "Vizuri, mwambie Ephraimu." Akaangalia viatu vyake. "Nitatafuta nafasi, mama." Mpaka leo anaitafuta.

Zamu ikafika. Nikapika loshoro ya mahindi sufuria kubwa, mtindi wa kutosha, nikapanga viti. Akaja mkongwe mwenzangu Nkasiogi peke yake, na yeye ni kiziwi, hakusikia kwamba nimegomewa. Tukasali rozari wawili, kila mtu na mwendo wake. Loshoro nimeila mpaka nikaichukia.

Njoo Desemba.

Koko yako


Ghent
6 Oktoba 2024

Koko, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Sitakuja. Najua huko nyumbani mtu aliyeachwa na jumuiya anavyozikwa: hakuna kwaya, hakuna sala, ni ndugu wachache na majembe. Sitaki uzikwe hivyo kwa ajili yangu. Simama, wape maneno wanayoyataka. Mimi nitajua hayakutoka moyoni. Nimechoka kuwa mzigo wako.

Mjukuu wako,
Lesian


Kiranyi
1 Desemba 2024

Lesian,

Hujambo, mkaidi? Goti ni lilelile. Usinifundishe uongo uzeeni, nguvu za kuukumbuka kesho yake nitazitoa wapi?

Nilisimama mbele ya jumuiya. Ephraimu akasema, "Tunakusikiliza, Mama Saruni." Nikasema, "Alilofanya Lesian silikubali, kama nyinyi. Na ni mjukuu wangu, kama jana. Anayetaka kunizika aje na jembe, asiyetaka abaki kwake, maiti haioni aibu." Nikakaa. Wakaimba, wakaondoka.

Wiki iliyopita Hope, binti wa Ephraimu, kaolewa Nduruma. Binti hatoki bomani bila mate ya bibi mkongwe, na wakongwe tumebaki mimi na Nkasiogi. Nkasiogi maziwa yakimfika mdomoni anameza. Basi Ephraimu akaja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi, binti nyuma yake. Twahira alikuwapo, akaninong'oneza, "Mnyime, Bibi, aone." Nilitamani, sikufichi. Lakini yule mtoto alipoinama, kichwa kimesukwa vizuri, nikajiuliza, hiki kichwa kimenikosea nini? Nikamtemea. Akalia. Baba yake akauliza kwa sauti ndogo, "Lesian haji?"

Jumuiya bado hawaji kwangu. Mke wa Ephraimu kaleta mkungu wa ndizi, akauweka nje, akaondoka.

Baraka ya Kanisa ni ya Kanisa, siwaingilii. Mate ni yangu. Sijawahi kumtemea mtu kwa sababu kafanya vizuri. Natema kwa sababu anaondoka na njia ni ndefu.

Huyo Pieter sijui nimfanyeje. Msalimie. Asije, huku kuna sheria na jela, na hayo siyawezi kwa maziwa.

Wewe njoo. Usipitie mjini, usinunue sukari, usimtume Jackline kuniambia. Njoo asubuhi, nikishakamua. Na kofia iache hukohuko.

Koko yako