Dakika Sita za Diski ya Mbale

Waithaka, Nairobi
Jumapili, tarehe 8 Juni

Mama Philister mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba goti limepunguza kelele tangu ufike Mbale kwa kaka yako. Mvua imewafikia? Huku tu wazima. Mjukuu wako Anita anakusalimu, na bado anauliza ni nani atakayemsuka wiki hii, maana anasema mimi namvuta nywele kama nang'oa magugu. Nimemwambia avumilie.

Kufuli jipya la kaka yangu Ken bado liko langoni kwako. Kila asubuhi nikienda kazini huchungulia kwenye ua. Sukuma zako zimestawi, hakuna aliyezigusa.

Kazini nako kuna mambo. Unakumbuka ulivyokuwa ukinipigia simu kuuliza nitafika saa ngapi, nami nakujibu kompyuta bado inasaga? Diski moja ya harusi ilikuwa inachukua zaidi ya saa kuibana iwe faili ndogo ya kuweka kwenye flashi. Mwaka jana Abdalla mwenye duka akanunua kadi ya grafiki ya mtumba pale barabara ya Luthuli, akaifunga ndani ya mashine, na miezi miwili ikakaa bure. Kazi yote ilifanywa na prosesa peke yake, ikiwaka moto hadi ungeweza kupasha chai juu yake. Ni mimi niliyegundua kwamba programu haikuwa imeambiwa itumie ile kadi. Nikabadilisha mahali pamoja tu kwenye mipangilio, na diski ya saa nzima ikaisha kwa dakika sita. Abdalla, si unamjua, mzee wa Lamu asiyeamini kitu cha haraka, alikaa akatazama harusi ya watu mwanzo hadi mwisho akitafuta nilipokata. Hakupapata. Akasema mashallah, na nyongeza ya mshahara naingoja mpaka leo.

Lakini ile kadi ina pupa. Ukiipa nafasi ya kutosha, picha inatoka safi. Ukiilazimisha faili iwe ndogo kupita kiasi, nyuso zinageuka vipande vya mraba, humtambui bibi harusi wala mbuzi. Hilo nalijua vizuri, Mama. Nililijua kabla hujaniletea diski yako.

Uliniletea mwezi wa tatu, wakili wako akiitaka kwenye flashi, ukasema hakuna mwingine ungemwachia. Ilikuwa nakala pekee ya sherehe yenu ya Mbale. Wazee wawili waliofuatana na Baba hadi kwenu wameshakufa, na wakili alikuonya kwamba watu wa kwenu watahesabiwa kuwa upande wako. Ken naye hakuwako, alikuwa amekosana na Baba na kuhamia Mombasa. Sasa anadai kortini kwamba Baba aliishi nawe tu. Anasema hakukukatia kiande, na kwetu mwanamke ambaye hakukatiwa lile bega la mbuzi nyumbani kwa wazazi wake hajaolewa, hata akae miaka kumi na minne, hata amzike mume. Kwa hiyo nyumba yako ilikuwa ndani ya ile diski, na wewe ukaiweka mkononi mwangu.

Baada ya wiki moja nilikuonyesha kwenye simu picha moja ya vipande vipande, nikakwambia yote ndivyo ilivyo, kwamba diski ilikuwa na mikwaruzo na mashine imeiharibu. Abdalla alikupigia kukuomba radhi. Ulimjibu kwamba mashine ni mashine, kisha ukanipa pole mimi, pamoja na ndizi za kupika. Zile ndizi sikuzionja.

Mashine haikukosea. Ken aliniita Hurlingham, karibu na ofisi ya wakili wake, akaniagizia chakula kizuri. Akasema damu ni damu. Akanikumbusha kwamba chumba ninachokaa na watoto bila kulipa kiko kwenye ploti yake. Hakupaza sauti hata mara moja, Mama. Aliuliza tu kama Anita anaipenda shule yake. Kesho yake niliingiza diski yako, nikashusha ubora hadi chini kabisa, nikabonyeza. Zamani ningekuwa na saa nzima ya kujuta, ningeizima katikati. Dakika sita hazikunitosha hata kumaliza chai. Na unajua desturi ya duka letu: mteja atazame faili kwanza, atie sahihi kitabuni, ndipo diski ikatwe kwa mkasi isije ikatundikwa shambani kwa mtu kufukuza ndege. Nilitia sahihi kwa jina lako. Kisha nikaikata vipande vinne.

Tangu siku hiyo sina pa kutokea. Kazini Abdalla ananionea huruma. Nyumbani Ken ananiita dada mpenzi, jina ambalo hajanipa tangu tuzaliwe. Sasa wakili wake ameandika kiapo kwamba mimi sikufika Mbale na sijui sherehe yoyote. Natakiwa kukitia sahihi Ijumaa.

Jana mchana nilifungua ile faili niifute kabisa. Nilikuwa nimevaa spika za masikioni. Mama, mimi niliiharibu picha, lakini sauti programu iliiacha ilivyo, nami sikuwahi kuisikiliza. Kwenye kioo ni matope matupu, ila Baba yupo, safi, ungedhani ameketi kando yangu. Anacheka na baba yako. Anatangaza kwa Kiswahili, ili watu wa kwenu wasikie, kwamba anamkatia kiande Philister, mke wake. Kisha msichana anamwomba ainue kisu kidogo kwa sababu mkono wake unaziba. Ni mimi, nimeshika kamera. Na Baba ananijibu nichukue vizuri, kwamba wazee hawa umri umekwenda, na siku moja shahidi atakuwa Nyakio.

Nililia pale dukani mpaka Abdalla akafunga mlango. Nimemwambia yote. Hakunifukuza.

Flashi iliyo ndani ya bahasha hii mpe wakili wako, asikilize. Kiapo cha Ken sitakitia sahihi. Alhamisi ya tarehe 19 nitasimama kortini niseme nilichokiona Mbale, kisha niseme nilichokifanya kwa mkasi, wanifunge wakitaka. Vyombo nimeshaanza kuvipakia kwenye maboksi, na watoto nimewaambia tunahama, ingawa wapi sijui.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hiyo ingekuwa haraka nyingine. Nisalimie kaka yako na watoto wa nyumba hiyo, na Mungu akulinde njiani ukija.

Ni mimi, binti yako usiponikana,
shahidi wa Baba,

Nyakio